Siku Koko wa Maziwa Alipoacha Miiko Yake

Binti yake aliponipigia simu kutoka Itebero na kuniambia kwamba mama yake ameacha miiko yake yote, nilikaa chini kwenye gunia la chumvi, palepale ndani ya butiki, wateja wakiniangalia. Nilikuwa nimeshasikia kwamba ng'ombe zake zimekwisha. Nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu kwamba nyumba yake ya Mushaki haina tena mabati. Hayo yaliniuma sana, lakini hayakunitia hofu, maana nilijiambia bibi yule ni mgumu, atavumilia. Hili la miiko ndilo lililonitia hofu.

"Anatoka mulango namna yoyote, Mama Masika," binti alisema. "Ukimupatia kikombe anakunywa wima, haulize ata ni kitu gani. Chakula anagusa tu, anaacha. Asubui anakaa ku kiti, magaribi iko ku ile ile kiti. Mimi naona iko anatuacha."

Anayemjua bibi huyu atanielewa. Asiyemjua ataona ni habari njema: mwanamke mzee ameacha ushirikina, Mungu apewe sifa. Ngoja basi nimweleze, ili ijulikane kwa nini nilifunga butiki juma lile lile na kuanza kuuliza njia ya kwenda msituni.

Mimi ni mtu wa Butembo. Niliolewa na mfanyabiashara wa kwetu aliyekuwa amefungua butiki Mushaki, kwenye barabara ya kutoka Sake kwenda Masisi, na nikajikuta naishi kwenye baridi na ukungu, kati ya watu wa ng'ombe, mimi niliyezoea kuona maziwa ndani ya kopo. Mkabala na mlango wetu, ng'ambo ya barabara, alikaa bibi huyu. Hakuna aliyemwita kwa jina. Aliitwa Koko wa Maziwa, kwa sababu alikuwa na umri wa bibi na kwa sababu nusu ya barabara ilikunywa maziwa yake. Mimi aliniita Mama Butiki, na aliendelea kuniita hivyo hata nilipopata mtoto na watu wote wakaanza kuniita Mama Masika. Milango yetu iliangaliana, kwa hiyo miaka yote ile, nitake nisitake, nilimwona.

Alikuwa akitoka nyumbani kinyumenyume. Kila asubuhi, mgongo mbele, polepole, mkono mmoja ukigusa mwimo wa mlango upande huu, kisha mwingine ukigusa upande ule. Alisema ukitoka umetanguliza uso, usingizi unakufuata nje, unawaingia ng'ombe, na ng'ombe mwenye usingizi ana mkono mfupi wa kutoa. Akiwa na shaka kwamba hakugusa vizuri, alirudi ndani akaanza upya. Kuna asubuhi za mvua nilizomwona akiingia na kutoka, akiingia na kutoka, mpaka kitenge chake kikalowa, na mimi dirishani na chai yangu nikisema moyoni, mama, umegusa, nimekuona, nenda basi.

Baada ya hapo hakusema na binadamu kabla hajasema na ng'ombe. Hilo halikuwa na mchezo. Ungemsalimu alfajiri, angeinua mkono tu na kupita. Ng'ombe mkubwa, yule mwenye pembe zilizopinda, ndiye alipewa salamu ya kwanza: umelalaje, umeota nini, nani alikusumbua. Siku moja padri alishuka kwenye pikipiki mapema mno, anatetemeka kwa baridi, anataka kikombe kabla ya kuendelea na safari. Akamsalimu kwa sauti, kwa heshima zote. Koko akampita kama nguzo. Padri alibaki mdomo wazi, na sisi wa barabarani tukaona haya kwa niaba yake. Alipomaliza na ng'ombe alirudi, akapiga magoti kwenye matope mbele ya padri, akaomba baraka, kisha akamkemea kwa kutovaa koti zito.

Idadi ya ng'ombe zake hatukuijua. Ukiuliza, alijibu kwamba ni zile unazoona. Wafugaji wengi wa kule wana mwiko huo, lakini yeye aliukaza. Alipokuja daktari wa mifugo kwa ajili ya chanjo, kijana msafi mwenye buti mpya, akasimama mlangoni mwa zizi na kuanza kuhesabu kwa kidole. Koko alimfuata, akaushika ule mkono, akakikunja kile kidole ndani ya kiganja. Akamwambia kwamba ng'ombe haonyeshwi kwa kidole, anaonyeshwa kwa ngumi. Maskini daktari akapita zizi zima amekunja ngumi, na kila alipoinua mkono wapita njia walidhani anagombana na fahali. Alimaliza chanjo. Hesabu hakuipata, na sidhani kama aliitaka tena.

Na zizi lenyewe! Lilifungwa kwa miti iliyopitishwa kwa ulalo, mmoja juu ya mwingine. Alifunga, akaondoka hatua kidogo, akasimama. Akarudi, akagusa kila mti kuanzia wa chini. Akaondoka tena. Akasimama. Akarudi. Siku za Jumapili ndiyo ilikuwa balaa, maana alitaka kwenda misani na miti haikumwachia. Alikuwa akifika Injili imeshasomwa, anapita katikati ya kanisa na viatu vyake vya plastiki vikilia, na anakaa mbele kabisa. Kisha mtu mwingine akiingia nyuma yake, anageuka na kumkazia macho, kwa sababu hakupenda watu wasiofika kanisani kwa wakati.

Usidhani alikuwa mtu wa kuamini kila kitu. Miiko ya wengine aliicheka mpaka machozi. Sisi watu wa biashara tuna yetu: kwetu sindano haiuzwi jua likishazama, na mteja wa kwanza wa asubuhi haondoki mikono mitupu, hata akichukua kiberiti kimoja tu, la sivyo siku yote inakuwa ya kuangalia barabara. Nilipomweleza haya, Koko alicheka amejishika mbavu. Aliuliza sindano inajuaje kwamba jua limezama na wakati imo ndani ya boksi. Aliuliza kama padri wetu wa Butembo anajua tunayoyafanya. Nikamwambia, na wewe je, unayetoka kinyumenyume? Akaacha kucheka, akaniangalia kwa huruma, akasema ile ni kazi, siyo uchawi.

Maziwa, kwake, yalikuwa yanasikia. Hilo ndilo lilikuwa neno lake: maziwa inasikia. Hunywi maziwa umesimama, kwa sababu yanasikia kwamba unataka kuyakimbia. Huyapulizi. Huyachanganyi na maharagwe siku moja. Yakimwagika hayafagiliwi, yanafunikwa kwa majani mabichi. Alipopewa simu na binti yake, aliifunga kwenye kitambaa na kuitoa nje ya zizi kabla ya kukamua, ili isiyasikilize yale anayomwambia ng'ombe. Na madumu ya plastiki aliyachukia kuliko kitu chochote. Lakini wachukuzi wa maziwa wa pikipiki hawana kingine, na yeye alihitaji kuuza. Basi alifanya hivi: walipofika aliwakabidhi chombo chake cha mti, akageuka akawapa mgongo, akaangalia milima mpaka asikie pikipiki imewaka. Kwamba yaliingia kwenye plastiki, yeye hakuona.

La shukrani ndilo lilinitesa mimi zaidi. Mama yangu alinilea kushukuru kila kitu, hata ukinipisha njiani. Mara ya kwanza Koko aliponipa kikombe cha maziwa nilisema aksanti sana, na akanuna. Nikadhani hakusikia, nikarudia kwa sauti. Akasimama na kuondoka. Baadaye nilielezwa na mwanamke wa jirani kwamba kwa Koko maziwa hayashukuriwi kwa mdomo, ukishukuru umeyalipa, na yakilipwa yamekwisha. Unamtakia tu ng'ombe zake zizae. Nikajifunza. Lakini shukrani zilinikaa kooni miaka yote ile, na mtu asishangae nikizimwaga zote hapa, kwenye karatasi, ambako hawezi kuninunia.

Maana alinilelea mtoto. Sijui niseme namna gani nyingine.

Masika alizaliwa mdogo sana, na mimi nikaangushwa na homa papo hapo. Homa ilipotoka ilitoka na maziwa yangu. Nilimweka mtoto kifuani, ananyonya, analia, ananyonya, halafu akaacha kulia, na hapo ndipo nilipoogopa. Maziwa ya kopo tuliyauza sisi wenyewe, lakini barabara ya Sake ilikuwa imekatika kwa mvua na kamyo ya mume wangu imekwama upande wa pili. Rafu ilikuwa na sabuni, na chumvi, na sukari, na hapakuwa na kopo hata moja. Nesi wa kituo cha afya alikuja, akamgusa mtoto, akasema tutafute maziwa ya ng'ombe mmoja mwenye afya, tuyaongeze maji, na tuyachemshe vizuri. Alilisema hilo la kuchemsha na kulirudia.

Sikuhitaji kwenda kuomba. Koko alikuwa amesimama mlangoni, ameshasikia yote. Na niliona uso wake ulivyobadilika kwenye lile neno la kuchemsha. Kwa sababu huo ndio ulikuwa mwiko mkubwa kuliko yote: maziwa yake hayakuguswa na moto. Ukichemsha maziwa umechoma kiwele, na ng'ombe atavimba na kukauka. Watu wazima walikuwa wameshafukuzwa kwa fimbo kwa sababu hiyo. Nilikuwa kitandani, mtoto ananing'inia mkononi, nikamwangalia. Nesi alimwambia wazi kwamba mtoto mchanga hivi akipewa mabichi anaweza kufa. Koko akatoka.

Nilimsikia ng'ambo ya barabara akitembea zizini. Nilijua anagusa miti. Muda ukapita, mtoto hata kulia halii. Kisha akarudi na chombo kidogo cha mti kimefunikwa kwa kitambaa safi, akakiweka mapajani pangu, akasema, kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu anayesikiliza nyuma yake:

"Ikisha vuka barabara, haiko tena yangu. Mambo ya jikoni ya batu ya Butembo, ngombe haijue. Lakini mufunge mulango. Na dirisha."

Tulifunga mlango. Tulifunga na dirisha. Moshi ulitujaa ndani mpaka macho yakatoka maji, na nje tulimsikia Koko ameketi kwenye kizingiti chetu, akiongea na ng'ombe zake kwa sauti ya juu kupita barabara, akiwasimulia habari za malisho, za mvua, za jirani aliyemwoza mtoto wake, habari yoyote ile, ili wasisikie harufu. Alifanya hivyo asubuhi na jioni mpaka barabara ikafunguliwa, na hata ilipofunguliwa na makopo yakafika, aliyaangalia, akanusa, akasema mtoto ameshazoea mama yake, na alimaanisha ng'ombe. Masika alikunywa maziwa yale mpaka akatembea. Siku zote mlango umefungwa, na siku zote bibi yule kwenye kizingiti akipiga soga na ng'ombe wa ng'ambo.

Ni katika wakati huo mama mkwe wangu alipokuja kutoka Butembo kunisaidia. Mwanamke safi, mchapakazi, hawezi kuona chombo akaacha kukisugua. Aliona chombo cha mti cha Koko kina weusi ndani na harufu ya moshi, akasema hii ndiyo inamwumiza mtoto. Akakisugua kwa sabuni ya unga, akakisuuza kwa maji moto, akakianika juani. Hakujua, na angejuaje, kwamba chombo kile hakioshwi kwa sabuni maisha yake yote, kinafukizwa kwa majani makavu, na ule moshi ndio unaofanya maziwa yasiharibike. Koko alipokichukua alikinusa, akakaa chini barabarani. Mti ulikuwa umenywa sabuni. Ungetia maziwa humo yangekuwa ya kufulia.

Mama mkwe alitaka kufa kwa aibu. Mimi nilikuwa na hofu moja tu, kwamba kesho hakuna maziwa, maana Koko hakukubali kukamulia ndani ya kitu kingine. Alisema chombo ni mgonjwa, akaenda kukitundika juu ya moshi wake, na hakututazama.

Asubuhi iliyofuata nilisikia watu wakicheka nje. Nikafungua. Koko alikuwa amevuka barabara na ng'ombe mwenyewe. Alimleta mpaka mbele ya butiki, akamsimamisha kati ya magunia ya unga na makreti ya bia, kamyo zikisimama kuangalia, na akaniomba sufuria. Sufuria ya bati, ile ya kupikia maharagwe! Akaifunika na kitenge chake mwenyewe, akaingiza mikono chini ya kitenge, akakamua bila kuangalia, na huku anamnong'oneza ng'ombe maelezo marefu. Dereva mmoja aliuliza bei, akidhani tunauza mnyama. Alikuja hivyo kila siku mpaka chombo kikapona. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akimsafishia ng'ombe njia, na ufagio mkononi, na wale wawili wakawa marafiki wa kugombana siku zote.

Kwa hiyo nilijua kitu kuhusu miiko yake ambacho wanaomcheka hawakukijua. Hakuwa mtumwa wake. Alipohitaji kupita, aliusogeza mwiko, akatafuta namna, na kisha akaurudisha mahali pake. Niliwahi kumwuliza, tukichambua maharagwe pamoja, Masika ameshaanza shule, kama kweli anaamini kwamba usingizi unamfuata mtu mlangoni. Nilidhani atanuna. Hakununa.

"Mimi ni muoga, Mama Butiki," alisema. "Vita ikikuja, sina nguvu yake. Magonjwa, sina. Mulango yangu, miti ya zizi yangu, ile niko na nguvu. Basi nafanya ile."

Kisha akaniambia ninachambua vibaya, naacha mawe, nitavunja meno ya mume wangu.

Vita ilikuja kweli. Ilikuwa imezoea kupita mbali, halafu ikapanda milima yetu yenyewe, na tukakimbia na tulivyovibeba mgongoni. Koko alikataa kuondoka. Nilimwita nikiwa juu ya kamyo, akainua mkono tu na kupita, vile vile kama alfajiri, kwa sababu alikuwa anaelekea zizini. Niliporudi baada ya muda mrefu na kufungua butiki tena, zizi lilikuwa majani matupu. Ng'ombe zilikuwa zimechukuliwa, sijui na nani, na kila mtu ana lake la kusema. Mkwe wake, mtu mwema, mkulima wa Itebero, alikuwa amekuja kumchukua na kumpeleka kule Walikale, msituni, mahali ambapo hapana malisho wala ng'ombe, mihogo tu, na michikichi, na miti mpaka usipoona jua.

Na sasa ile simu.

Mume wangu alisema nina wazimu. Masika, ambaye sasa ni mama wa mtoto mchanga, alisema atakwenda nami na mtoto mgongoni, na nilipomkatalia alisema yeye ndiye aliyekunywa yale maziwa, siyo mimi. Tulipanda pikipiki mahali penye njia, tukatembea mahali pasipo na njia, na matope ya msituni si matope ya kwetu, yanavuta kiatu na kukataa kukirudisha. Siku zote za njia nilikuwa naomba jambo moja: nimkute bado yuko, na nimkute ni yeye.

Tulimkuta jioni, ameketi nyuma ya jiko, mdogo, mifupa imetokeza mabegani. Alitujua. Alisema karibuni, akamgusa Masika shavu, akauliza njia. Kila kitu alichosema kilikuwa sawa, na hilo ndilo lilikuwa baya. Nilimletea jibini ya Masisi, duara zima. Akaila kipande, amesimama, pamoja na maharagwe, akasema nzuri. Nikajaribu mambo ya kijinga. Nilifagia jikoni mbele yake jua likizama, kitu ambacho kule Mushaki kingemfanya aninyang'anye ufagio. Nilimwonyesha mbuzi wa jirani kwa kidole. Hakuniangalia hata. Sahani yake ilirudi karibu imejaa, na binti yake akaipokea kama mtu aliyezoea. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, na sikuona haya.

Nyumba yao ni ndogo, na kuku hulala ndani kwa sababu ya wanyama wa msitu. Asubuhi kulikuwa na manyunyu. Masika alimfunga mtoto mgongoni ili akachote maji, akaenda mlangoni, akaweka mkono kwenye komeo.

"Simama," Koko alisema.

Alisema akiwa kwenye kiti chake, hakupaza sauti. Sote tuligeuka. Alikuwa anamwangalia mtoto, kisha mlango, kisha huku na huku ndani ya nyumba, kwenye mihogo, kwenye majembe, kwenye ndoo, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Macho yake yakatua kwenye tetea mmoja mwekundu aliyekuwa bado ameatamia kikapuni.

"Hapa ku pori," akasema, taratibu, "mutoto hatoke mbele ya kuku. Kuku anatoka wa kwanza, anafungua njia. Kisha mutoto. Kisha batu wakubwa."

Masika akaondoa mkono kwenye komeo. Mkwe alifungua kinywa, mke wake akamkanyaga mguu. Kisha akaninong'oneza sikioni kwamba mwiko huo hajawahi kuusikia, si kwa mama yake, si kwa mtu yeyote. Nikamwambia na mimi pia. Tuliufungua mlango, upana wa kuku, na sote tukarudi nyuma. Tetea alisimama kwenye kikapu, akajikung'uta, akaja mpaka mlangoni, akaona manyunyu, akageuka. Mkwe akataka kumsukuma kwa mguu.

"Musimusukume," Koko alisema, na sasa alikuwa amesimama, fimbo mkononi, na sauti ile niliijua. "Nani iko na haraka hapa? Ata miye niko na njaa, lakini nangoja."

Binti yake alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. Neno njaa hakuwa amelisikia kinywani mwa mama yake tangu aletwe huku. Nje mvua iliendelea. Tetea akakaa chini kwenye kizingiti, akatulia kabisa, na sisi sote wa nyumba ile tukasimama nyuma yake tukimngoja, na mimi nikiomba asitoke upesi.